Unajua AutoCAD, ama unajua tu kuifungua?

Kuna mstari mmoja unaopatikana kwenye CV za vijana wengi mjini: "Ujuzi wa kompyuta: Word, Excel, AutoCAD." Huwa umewekwa chini kabisa, juu kidogo ya majina ya marefa, kama mtu anayesema anajua kuchemsha chai. Halafu siku moja unaitwa na ofisi ya michoro kule Upper Hill ama Westlands. Unavaa shati safi ukidhani unaenda kuongea. Ukifika, unaonyeshwa kompyuta, unawekewa karatasi yenye nyumba ya vyumba viwili iliyochorwa kwa kalamu, unaambiwa: una saa moja, chora hii, utupe PDF yenye skeli.

Ni saa moja tu, na CV yako haiwezi kukusaidia hapo. Wengi hutoka jasho si kwa sababu hawajui programu. Wametazama video mia moja. Shida ni kwamba video zimewafunza vitufe, hazijawafunza kazi. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sitakuhubiria kuhusu cheti. Nitakuambia mambo ambayo watu wa ofisi hizo huangalia, jinsi ya kujifunza bila kuchoma pesa, na mahali ambapo lazima usimame hata kama mteja amekushikia noti mkononi.

Kama wewe unatumia Revit, ArchiCAD ama SolidWorks, kaa hapa pia. Mengi yanafanana. Nimechagua AutoCAD kwa sababu ndiyo utakayokutana nayo karibu kila ofisi ya ujenzi, upimaji ardhi na uhandisi hapa Kenya.

Mchoro ni maagizo, si picha

Wazo la kuchora kwa kompyuta si la jana. Mwaka wa 1963, Ivan Sutherland alionyesha programu yake iitwayo Sketchpad katika chuo cha MIT, Marekani, ambapo mtu alichora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. AutoCAD yenyewe ilianza kuuzwa Desemba 1982. Kilichofanya programu hizi zishinde meza ya kuchorea si urembo. Ni kwamba laini iliyo ndani ya kompyuta ina urefu kamili. Ukiuliza, inakujibu: milimita 3,600, si karibu 3,600.

Hapo ndipo kijana wa kwanza huanguka. Anachora nyumba "itoshee kwenye skrini", kisha anaandika vipimo juu yake kwa mkono. Usifanye hivyo hata siku moja. Ndani ya AutoCAD chora kila kitu kwa saizi yake halisi. Ukuta wa mita 4 uwe mita 4. Skeli inakuja baadaye, wakati wa karatasi.

Kabla ya laini ya kwanza, andika UNITS na uangalie. Michoro mingi ya majengo hapa kwetu huchorwa kwa milimita. Ukianza faili mpya, programu itakuuliza kiolezo: acad.dwt ni cha inchi, acadiso.dwt ni cha milimita. Ukichagua kisichofaa, mlango uliotoa kwenye faili ya rafiki yako utaingia ukiwa mkubwa mara 25.4, mkubwa kuliko nyumba nzima, nawe utashinda ukilaumu laptopu.

Jambo la vipimo linagusa mfuko. Chukua ploti ile ya "50 kwa 100" ambayo kila mtu huita nane ya ekari. Futi 50 ni mita 15.24, na futi 100 ni mita 30.48. Eneo lake ni futi za mraba 5,000. Lakini nane ya ekari kamili ni futi za mraba 5,445. Sasa mteja akikwambia "nina nane ya ekari" nawe ukachora nyumba kwa hesabu hiyo, kuna futi 445 za mraba ulizomjengea ambazo hana. Omba ramani ya ploti, soma vipimo vyake, chora mipaka kwanza, ndipo uweke nyumba ndani.

Mkono mmoja kwenye kibodi

Mtu wa ofisi akisimama nyuma yako, kitu cha kwanza anachoona ni mkono wako wa kushoto. Ukiwa umelala kwenye goti huku wa kulia ukitafuta picha ndogo ndogo juu ya skrini, ameshajua.

Mkono wa kushoto unaandika, wa kulia unaonyesha. Herufi za kuanza nazo ni chache: L ya laini, PL ya laini iliyoungana, REC ya mstatili, O ya kurudufu laini kwa umbali fulani, TR ya kukata, EX ya kurefusha, M ya kuhamisha, CO ya kunakili, MI ya kupindua kama kioo, F ya kuunganisha kona, DI ya kupima umbali, MA ya kuhamisha sifa za kitu kimoja hadi kingine. Ni kumi na mbili. Mtu akizifanyia mazoezi nusu saa kila siku kwa wiki mbili, vidole vitazijua bila kufikiria.

Jaribu hivi. Andika REC, finya spesi, bofya mahali popote, kisha andika @3000,3600. Una chumba cha mita 3 kwa 3.6. Andika O, finya spesi, andika 200, finya spesi, chagua mstatili, bofya nje. Una ukuta wa milimita 200 kuzunguka chumba. Haijachukua sekunde ishirini.

Mambo mengine madogo ambayo video hupita haraka:

Kitufe cha spesi kinafanya kazi ya Enter. Ukikifinya tena baada ya kumaliza, kinarudia amri ya mwisho. Usiandike L mara hamsini.

Amri ya F yenye radiasi sifuri huunganisha laini mbili ziwe kona kali, hata kama moja imezidi na nyingine imepungua. Shikilia Shift ukichagua laini ya pili na itatumia sifuri yenyewe. Kona zilizoachwa wazi kwa nusu milimita ndizo husumbua baadaye ukitaka kujaza rangi ama kupima eneo.

F3 huwasha na kuzima ule mshiko unaoivuta laini hadi mwisho wa nyingine. F8 hulazimisha laini ziende wima ama mlalo. Kama laini zako "hazigusani", angalia F3 kwanza kabla ya kuita fundi wa kompyuta.

Na kipanya chenye gurudumu ni lazima. Ukilizungusha unakaribia ama kwenda mbali, ukilifinya na kuvuta unasogeza mchoro, ukilifinya mara mbili mchoro wote unarudi kwenye skrini. Padi ya laptopu itakufundisha hasira tu.

Leya na bloku: usafi wa nyumba

Ofisi haichori peke yake. Mchoro wako utaenda kwa mhandisi wa mihimili, kisha kwa wa stima, kisha kwa wa mabomba. Kila mmoja anataka kuzima vitu vingine abaki na vyake. Hiyo ndiyo kazi ya leya. Kuta kwenye leya yake, milango yake, vipimo vyake, maandishi yake, samani zake. Rangi na unene wa laini uwekwe kwenye leya yenyewe, na kila kitu kibaki ByLayer. Ukianza kupaka laini moja moja rangi kwa mkono, mtu atakayerithi faili yako atakutaja vibaya.

Kuna leya mbili za kuelewa. Leya 0 usichorelee nyumba. Itumie kutengenezea bloku, kwa sababu vitu vilivyochorwa hapo huchukua tabia ya leya vitakapowekwa. Na ile inayoitwa Defpoints haichapishwi. Mtu akichora ukuta huko, ataona kila kitu kwenye skrini, ukuta upotee kwenye karatasi, na ashinde usiku akitafuta printa iliyorogwa.

Bloku nazo ni kitu unachokichora mara moja ukatumia mara mia. Tuseme jengo la fleti lina milango arubaini ya milimita 900. Mteja anaamka na kusema anataka bembea la upande mwingine, ama fremu nene zaidi. Kama milango ni bloku, unarekebisha mmoja na arubaini yote inabadilika. Kama ulinakili laini tupu, pole, tutaonana kesho asubuhi.

Kabla ya kutuma faili, andika PU ili kuondoa leya na bloku zisizotumika, kisha OVERKILL kufuta laini zilizolaliana, kisha AUDIT kutafuta makosa ndani ya faili. Dakika tatu tu, na faili iliyokuwa nzito inakuwa nyepesi kutuma hata kwa bando dogo.

Jambo hilo la laini zilizolaliana si la ofisi za majengo pekee. Kama unachora mageti na grili za kukatwa kwa plasma ama leza kule Kariobangi Light Industries au Industrial Area, mashine inafuata laini zako kama zilivyo. Laini mbili juu ya nyingine maana yake ni kukata mahali pamoja mara mbili, na bati limeharibika. Umbo lisilofungwa halitoki likiwa safi. Unganisha laini kwa amri ya JOIN, hakikisha umbo limefungwa, hifadhi kama DXF, kisha mwulize mwenye mashine anataka milimita ama inchi. Kuna vijana wanaolipwa kwa kazi hii bila kuchora nyumba hata moja.

Karatasi ndiyo huenda saiti

Fundi wa mjengo haoni skrini yako. Anaona karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye alama ya simiti. Kwa hivyo hapa ndipo ustadi wako unapimwa.

Chini kushoto ya AutoCAD kuna vichupo. Kilichoandikwa Model ni pale unapochora kwa saizi halisi. Kilichoandikwa Layout ni karatasi. Kwenye karatasi unafungua dirisha la kuangalia mchoro, unalipa skeli, kisha unalifunga ili lisisogee ukigusa gurudumu kwa bahati mbaya.

Hesabu si ngumu. Nyumba ya mita 12 kwa skeli ya 1:100 ni milimita 120 kwenye karatasi. Kwa 1:50 ni milimita 240. Karatasi ya A3 ni milimita 420 kwa 297, kwa hivyo 1:50 inaingia vizuri na nafasi ya maandishi inabaki. Herufi nazo, ukitaka ziwe na urefu wa milimita 2.5 kwenye karatasi ya 1:100, ndani ya Model ziwe 250. Ukisahau, fundi atahitaji miwani.

Epuka kile kisanduku kinachosema mchoro utoshee karatasi, "Fit to paper", unapochapisha kazi ya kujengea. Kitavuta ama kubana mchoro hadi skeli uliyoandika iwe uongo. Tena kuna mtego mwingine: mchoro wa A1 wa 1:100 ukichapishwa saiba kwa A3, urefu wote unapungua nusu na skeli inakuwa 1:200. Fundi akiweka rula, chumba cha mita 4 kinakuwa cha mita 2. Ndiyo maana michoro ya maana huandikwa kwamba vipimo vifuatwe kwa nambari, visipimwe kwa rula. Weka maneno hayo. Na weka vipimo vya kutosha ili fundi asiwe na sababu ya kukisia.

Kabla ya kutuma, jumlisha. Vyumba vitatu na kuta zake lazima vilingane na kipimo cha nje. Ukiona ndani jumla ni 11,850 na nje imeandikwa 12,000, tafuta zile 150 wewe mwenyewe. Ukiziacha, zitatafutwa na watu wenye majembe, msingi ukiwa umeshachimbwa.

Stima zikipotea

Hii ni Kenya, tuongee ukweli. AutoCAD huhifadhi nakala yake kila baada ya dakika kadhaa, kwa kawaida kumi. Andika SAVETIME uweke 5. Nakala hizo huishia na .sv$ na hufutika ukifunga programu vizuri, lakini stima zikikatika hubaki. Kando ya faili yako pia huwa kuna nyingine yenye .bak, ambayo ni hali ya mchoro kabla ya kuhifadhi mara ya mwisho. Mojawapo ya hizo ibadilishe jina iishie .dwg, uifungue, uendelee na maisha. Faili ikikataa kabisa, jaribu amri ya RECOVER.

Majina ya faili nayo yawe na akili. "Nyumba final final mwisho kabisa 2" haimsaidii mtu. Weka jina la mradi, aina ya mchoro, tarehe na herufi ya toleo: A, B, C. Mteja akipiga simu kuhusu "ile ya kwanza", utajua ni ipi.

Ukimtumia mtu mwingine DWG, uliza anatumia toleo gani. Programu ya zamani haifungui umbizo jipya, lakini wewe unaweza kuhifadhi kwa umbizo la zamani ukichagua kwenye Save As. Revit haikupi nafasi hiyo; faili ya toleo jipya haishuki chini. Kama mchoro umeunganishwa na faili zingine, tumia ETRANSMIT ili zote ziende pamoja, la sivyo mwenzako atafungua karatasi tupu.

Usidhani mambo haya huwapata wanafunzi tu. Ndege kubwa ya Airbus A380 ilichelewa vibaya mwaka wa 2006, na sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa nyaya. Ndani ya ndege hiyo mna nyaya za zaidi ya kilomita 500. Wahandisi wa Hamburg, Ujerumani, walikuwa wakitumia toleo la zamani la programu ya CATIA, na wenzao wa Toulouse, Ufaransa, toleo jipya. Michoro haikuongea vizuri. Nyaya zilipoletwa kufungwa, hazikutoshea. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa Singapore Airlines Oktoba 2007, baada ya hasara ya mabilioni. Kampuni yenye pesa zote hizo ilijikwaa kwa swali ambalo wewe unaweza kuuliza kwa WhatsApp: "Boss, unatumia toleo gani?"

Programu bila kuvunja kufuli

Najua unachofikiria. Kuna jamaa kule mjini atakuwekea kila kitu kwa bei ya nyama choma. Sikiliza kwanza.

Mwaka wa 2012 kampuni ya usalama ya ESET ilitangaza kirusi kilichoitwa ACAD/Medre.A. Kiliandikwa kwa AutoLISP, lugha ya AutoCAD yenyewe, na kilijificha kwenye folda za michoro. Ukifungua mchoro, kinautuma kwa barua pepe huko Uchina bila wewe kujua. Makumi ya maelfu ya michoro iliibwa, wengi wa waathiriwa wakiwa Peru. Sasa fikiria programu iliyovunjwa kufuli, ambayo hatua yake ya kwanza ni kukwambia uzime antivirasi. Mchoro ulio nao ni wa nyumba ya mtu: milango yake iko wapi, madirisha yako wapi. Na AutoCAD ikikuuliza kama iruhusu faili ya acad.lsp ambayo hukuiweka wewe, kataa.

Njia halali zipo. Mwanafunzi na mwalimu anaweza kupata AutoCAD, Revit na Fusion bila malipo kupitia mpango wa elimu wa Autodesk, kwa mwaka mmoja unaoweza kurudiwa, akithibitisha kwamba yuko chuoni. Hiyo ni ya kujifunza, si ya kazi ya kulipwa. Kama hauko chuoni, kuna LibreCAD ya michoro bapa na FreeCAD ya vitu vyenye umbo, ambayo ilifikia toleo la 1.0 Novemba 2024. Zote ni bure hata kwa kazi ya pesa. SketchUp ina toleo la bure la kivinjari, lisilo la biashara. Onshape pia iko kwenye kivinjari bila malipo, lakini michoro yako huonekana na kila mtu, kwa hivyo usiweke siri ya mteja huko.

Laptopu? Kwa michoro bapa, mashine ya mtumba yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD itakusukuma. Ukienda Revit ama picha za kumeremeta, tafuta GB 16 kwenda juu. Usinunue kadi ya michoro ya bei ghali kabla hujapata mteja wa kwanza.

Darasa lipi lifaalo

Matangazo ya kozi ni mengi kuliko matatu za Thika Road. Kabla ya kulipa, uliza maswali manne. Kila mwanafunzi ana kompyuta yake ama mnagawana watatu? Mwalimu amewahi kuchora kitu kilichojengwa? Naweza kuona karatasi iliyochapishwa na mwanafunzi wa mwisho? Na mwisho wa kozi nitatoka na seti kamili, ama nitatoka na cheti chenye muhuri wa dhahabu tu? Wakikwepa la tatu, shukuru na uondoke.

Cheti kinachotambulika kina nafasi yake. Vyuo vya TVET vina kozi za uchoraji na ujenzi, NITA hufanya mitihani ya ufundi hata kwa waliojifunzia kazini, na Autodesk ina mtihani wake wa Certified User. Lakini kwenye lile jaribio la saa moja, cheti hubaki kwenye bahasha.

Kwa hivyo jifundishe kwa kitu halisi. Nunua tepu ya mita 5. Pima nyumba unayoishi, hata kama ni bedsita. Pima kila ukuta, upana wa mlango, urefu wa dirisha kutoka sakafuni, unene wa ukuta. Usiamini kwamba kona ni mraba. Pima sentimita 150 upande mmoja wa kona na 200 upande wa pili. Kama umbali kati ya alama hizo mbili ni 250 kamili, kona iko sawa. Isipokuwa hivyo, umeona kwa nini makabati ya landilodi hayajawahi kukaa vizuri.

Wiki ya kwanza, chora ramani ya sakafu. Ya pili, chora sura ya mbele na mkato unaoonyesha ndani. Ya tatu, panga leya, bloku na karatasi zenye skeli. Ya nne, chapisha, mpe mtu asiyejua kuchora, mwambie akupimie chumba kwa kufuata karatasi yako pekee. Kila swali atakalokuuliza ni kipimo ulichosahau. Rudia kwa duka la jirani, kisha kwa choo cha shule ama kanisa. Seti tatu za aina hiyo kwenye PDF ndizo zitakutafutia atachi.

Mahali pa kusimama

Ukishaiva, simu zitaanza. "Kijana, nichoree ghorofa nne, nina ploti hapa." Hapa ndipo naomba tuongee kama ndugu.

Kujua kuchora si kujua kujenga. Programu itakubali nguzo ya milimita 200 chini ya orofa saba bila kukukemea. Sheria ya Kenya inataka michoro ya kujengea ipitishwe na kaunti, isainiwe na msanifu aliyesajiliwa na BORAQS, na mihimili ihesabiwe na mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, EBK. Aprili 29, 2016, jengo la makazi liliporomoka Huruma usiku wa mvua na kuua zaidi ya watu 40. Hakukuwa na amri ya AutoCAD ambayo ingewaokoa. Kinachookoa watu ni hesabu, udongo kupimwa na mtu mwenye leseni kuweka jina lake. Usikope muhuri wa mtu, na usikubali mteja akwambie "weka tu nguzo hapo, fundi wangu anajua".

Pesa halali ipo tele bila hiyo. Kuna kugeuza michoro ya zamani ya karatasi kuwa faili, kuchora nyumba zilizopo ili zikarabatiwe, michoro ya makabati ya jikoni, mageti, mabango na ramani za maduka. Wasanifu wenyewe hutafuta vijana wa kuwachorea kwa kila seti. Ukipata kazi hizo, andikianeni hata kama ni kwa ujumbe wa simu: bei, tarehe, na marekebisho mangapi yamo ndani ya bei hiyo. Mawili yanatosha, la tatu lina bei yake. Omba amana kabla ya kuanza. Tuma PDF aione, na DWG ifuate pesa ikiingia.

Sasa funga video uliyokuwa ukitazama. Tepu inauzwa hadiweya yoyote mtaani, na ukuta wa kwanza wa kupima uko nyuma ya kitanda chako.